Makumbi Yaliyokataa Kuoza

Watu husema kitu kitaoza tu, kana kwamba kuoza hakuna mwenyewe. Si kweli, na mimi nina haki ya kulisema hilo kuliko wengi. Kuoza ni kazi. Kuna wanaoifanya, wana masharti yao, na ukiwaudhi wanaiacha. Mwaka ule walipoudhiwa nilipoteza nyumba ya mama yangu, na aliyewaudhi nilikuwa mimi.

Tulikaa Kariakoo, zama za Mwingereza, vita vya Mjerumani vikiwa vimekwisha na vile vilivyofuata havijatajwa na mtu. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, kwenye nyumba ya miti na udongo, dirisha moja linalotazama ua. Mama alikuwa mtu wa pwani hii hii, wa ukoo uliokuwapo kabla ya mitaa kunyooshwa. Baba alikuwa mwenye duka, babu yake alitoka Uarabuni, na duka lake lilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Waliachana mimi sijabadili meno. Walioshuhudia walisema waliachana kwa heshima, maana yake hakuna aliyepiga kelele.

Siku ya kuachana baba aliweka sharti, mbele ya watu wazima wa pande zote mbili. Alisema: "Mtoto akae kwako maadamu anakula kwa jasho lako. Siku utakayotuma mtu kwangu kuomba hata kibaba cha mchele, mtoto anarudi." Mama akajibu, "Nimesikia." Wazee wakaona ni maneno ya mtu mwadilifu. Mimi nimeyatafuna maneno hayo miaka mingi na sijaona uadilifu ndani yake, nimeona mtu aliyefunga mlango akaita ukuta. Lakini baba hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

Jasho la mama lilikuwa kamba. Asubuhi, kando ya banda kubwa la soko, wanaume walisimika vifuo vyao vya ncha kali ardhini na kufua nazi, na makumbi, yale maganda yenye nyuzi, yakatupwa nyuma yao kama takataka. Kwao yalikuwa takataka kweli. Mama aliyakusanya kwenye tenga, akayapanga vizuri, nami nikabeba yangu machache kichwani, tukashuka bondeni mpaka Mto Msimbazi, pale unapopinda na maji ya chumvi yanapopanda na kuchanganyika na ya mto. Hapo ndipo lilipokuwa shimo la bibi, mama yake mama. Bibi alikwisha kufa. Shimo lilibaki.

Nieleze shimo, maana siku hizi watu hununua kamba dukani na hawajui ilikotoka. Kumbi bichi huwezi kulisokota. Nyuzi zake zimeshikwa na nyama ngumu ya kahawia, zimegandishwa humo. Lazima nyama ile iliwe, zibaki nyuzi peke yake. Kwa hiyo unachimba shimo topeni, kina cha kifua cha mtu mzima, unalitandika makuti, unapanga makumbi safu kwa safu, unafunika kwa makuti mengine, kisha tope, kisha vigogo vya mikoko juu yake yasielee. Ubavuni mwa shimo unaacha mfereji mdogo, upana wa kiganja, unaokwenda mtoni. Maji yakijaa yanaingia. Yakipwa yanatoka, rangi ya chai iliyokolea, na povu. Mama alisema shimo linakunywa na kutema, na lisipotema litajilewesha kwa uchungu wake lenyewe.

Na kabla ya kufunika alichota viganja viwili vya tope jeusi la chini kabisa, la mwaka uliopita, akalipaka juu ya makumbi mapya safu baada ya safu. "Shimo lisilopakwa halina meno," alisema. Tope hilo bibi alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mwingine, na sijui mwisho wake ulikuwa wapi. Wanawake wa watu wengine hurithishana mikufu ya dhahabu. Wetu walirithishana tope linalonuka yai bovu.

Baada ya hapo, miezi minane. Na katika miezi hiyo minane kulikuwa na miko miwili. Usimwonyeshe mtu shimo lako, na usilichungulie. Ukifunua kabla ya wakati, alisema mama, walioko chini watapata upepo, watakasirika, watakimbia, na utabaki na makumbi mabichi ya kuwashia moto. Bibi hakuchungulia maisha yake yote. Mama naye hakuchungulia. Mjukuu wangu aliyesoma ameniambia kuna ukweli humo, kwamba vijidudu vinavyofanya kazi ile chini ya tope havitaki hewa. Nikamwambia ahsante, tulikuwa tunajua.

Kungoja shimo ndiko kulikonifundisha mto. Mama akifanya kazi zake za kando, mimi nilichuchumaa chini ya mikoko nikatazama. Jani la mkoko likidondoka, wa kwanza kulifikia ni kaa. Analiburuta mpaka kwenye tundu lake, mlangoni analigeuzageuza kama mama anayejaribu kupitisha godoro, kisha linatoweka. Anakula kidogo na kuharibu vingi. Mabaki yanalainika, konokono wa tope wanapita juu yake wakilamba, jani linabaki mishipa mitupu, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Kisha hata mishipa haipo. Haikuchukuliwa na mtu, haikuzolewa na maji, imeliwa na walaji ambao macho hayawaoni. Maji yakirudi huja na uduvi na visamaki vidogo, navyo vinaokota lile vumbi la mwisho lililosalia. Hata taka za soko, maganda ya ndizi na mabua ya muhogo yaliyotupwa mtoni na watu wavivu, niliyafuatilia siku kwa siku. Ganda la ndizi halikumaliza wiki. Bua la muhogo lilikaa mwezi. Kumbi la nazi lililotupwa juujuu, likikauka na kulowa, lilikuwa pale mwaka mzima likinikodolea macho. Kwa hiyo nilijua kwamba kuoza kunataka maji yanayokuja na kurudi. Nataka hilo liandikwe wazi. Sikuwa mtoto asiyejua.

Mwaka ninaousema mama alijaza shimo kuliko miaka yote. Kamba za shimo lililotangulia zilikuwa zinakwisha, lakini kulikuwa na fundi Ilala aliyekuwa akijenga nyumba za miti, moja baada ya nyingine, na fito hazijifungi zenyewe. Alimwambia mama: "Bibi, ukifukua tu, usizungushe sokoni. Niletee zote." Mama aliimba njia nzima kurudi nyumbani. Hakuwa mtu wa kuimba. Tulifunika shimo mvua za masika zikianza, na wiki chache baadaye mama akaanguka homa.

Ilikuwa ile homa ya kutetemeka. Siku moja anaungua, siku ya pili ananiambia yu mzima na kuwasha moto, siku ya tatu meno yanagongana na kitanda kinatikisika naye. Nilimfunika kanga zote tulizokuwa nazo na gunia juu. Mchana mmoja alinitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilitoka nje nikakaa kizingitini, nikaamua kwamba nitafanya lolote.

Ndipo alipopita Bwana Mbu. Hilo ni jina walilompa watoto wa mtaa. Alikuwa mtu wetu, mwajiriwa wa serikali, kaptura ya kaki, bomba la mafuta mgongoni na kopo mkononi, akizunguka uani kutazama mitungi na vifuu. Alikuwa mpole. Alisikia mama anavyopumua, akasimama.

"Mama yako?"

"Ndiyo, bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Homa hii inaletwa na mbu, unajua? Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama. Mnateka wapi maji? Mnakwenda wapi, nyinyi?"

Nikatazama mlango wa chumba chetu. Akafungua mfuko wake, akatoa vidonge viwili vya kwinini, akavifunga kwenye kipande cha karatasi akanipa. Akasema tena, taratibu, kama anayenisaidia kukumbuka: "Maji yaliyotuama, binti. Yakibaki, utampa dawa leo na kesho mbu watamrudia."

Nami nilikuwa nimeyaona. Pembezoni mwa shimo, kila maji yalipopwa, vilibaki vidimbwi, na humo viluwiluwi vilining'inia vichwa chini, vikijinyongoanyongoa ukivipigia kivuli. Niliwahi kuvichezea kwa kijiti. Nikamtazama mtu yule mwenye vidonge, nikaona asemayo ni kweli. Mpaka leo naona alisema kweli kuhusu mbu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sina mtu wa kumtukana.

Nikampeleka.

Aliangalia vidimbwi akatikisa kichwa. Akafuata maji yanakotoka mpaka akafika kwenye mfereji wetu, akacheka, "Aa, kumbe yanaingilia hapa." Nilimwambia kuna makumbi chini. Akasema makumbi hayatadhurika, yeye anaziba maji tu, hagusi shimo. Akapiga udongo na chokaa aliyokuwa nayo kwenye mfuko, akaujaza mdomo wa mfereji, na kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na mkono wake mmoja umeshika bomba, akaniambia, "Shindilia hapo, binti." Nikashindilia kwa viganja vyote viwili. Nilishindilia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilidhani nashindilia homa. Kisha akanyunyizia mafuta ya kuua viluwiluwi, na juu ya maji kukatanda rangi za kupendeza.

Mama alipona. Sijui kama ni kwinini, au mafuta, au Mungu tu. Siku aliyosimama na kuomba uji nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam. Nilitaka kumwambia, kisha nikakumbuka kwamba nimemwonyesha mtu shimo. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho ile ilikuwa na miezi saba. Mwanzoni nilijidanganya kuwa shimo la bibi halijawahi kushindwa. Baadaye nilikwenda peke yangu na kijiti kuchokonoa ule udongo. Ulikuwa umegeuka jiwe. Kijiti kilivunjika, nikakaa pale nikalia, nikarudi. Upande wa mtoni maji yalijaa na kupwa kama kawaida, kaa waliburuta majani yao, kila kitu kililiwa kwa wakati wake. Upande wa shimo palikuwa kimya. Zamani, ukituliza macho, ungeona mapovu yakipanda topeni na kupasuka moja moja. Hayakuwapo. Na ile harufu, ambayo watu wa soko waliitemea mate, ilikuwa imepungua. Mtu mwingine angesema pamekuwa pasafi.

Mama angeweza kukivunja kile kizibo kwa jembe kwa muda wa kuchemsha chai. Angejua tu. Lakini mwenye shimo halichungulii shimo lake, wala hapiti karibu mara kwa mara asije akawavuta watu. Alikuwa akipita juu, njia ya juu kabisa, akatupa jicho kwenye vigogo vya mikoko, akaona viko mahali pake, akaridhika. "Subira huvuta heri," alisema tukirudi. Nilikuwa nimemshika mkono. Huyo ndiye niliyekuwa, mtoto aliyeshikwa mkono na mamake huku akijua.

Vuli ilipokaribia tulikuwa tumefika mwisho. Mama alisuka mikeka, alikaanga vitumbua asubuhi, alifanya kila kitu isipokuwa kutuma mtu kwa baba. Tulikula muhogo mchana na uji jioni, na uji ule ulikuwa maji yaliyosikia habari za unga. "Shimo likifunguka," alisema, "nitakununulia kanga mpya." Nilisema sitaki kanga. Akaona nina adabu.

Siku ya kufukua alivaa kanga yake kuukuu, akajifunga kibwebwe, akanipa panga dogo. Tuliondoa vigogo, tope, makuti. Tope lilikuwa zito na kavu juu, na chini lina utelezi wa mafuta. Mama akalisugua kati ya vidole. Alitia mkono, akatoa kumbi la kwanza. Kumbi lililoiva linakuja laini, ukiliminya linatoa maji meusi na nyuzi zinaachana zenyewe. Lile lilikuwa gumu. Lilikuwa jeusi nje kama limepikwa kwenye uchungu wake, na ndani lilikuwa vile vile tulivyolifukia, nyama yake imeshika. Akaliweka juu ya gogo akalipiga kwa mchi. Likaruka. Akalipiga tena. Akachukua la pili, la safu ya chini, na la tatu, akapiga mpaka jasho likamtoka puani, na nyuzi zilizotoka zilikatika fupi fupi, za kusugulia sufuria.

Kisha akasimama, akazunguka ubavuni kutafuta mfereji.

Aliuona ule udongo mweupe. Alichuchumaa mbele yake muda mrefu. Viganja vyangu vilikuwa pale, viwili, vidole vyote kumi, vimekauka pamoja na chokaa. Akaniita kwa kidole. Akaushika mkono wangu wa kuume, akaupachika kwenye alama yake. Mkono ulikuwa umekua kidogo, haukuingia vizuri.

"Nani alikuwa na wewe?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, homa, jina la dada yake, vidonge, viluwiluwi. Nilimwambia kwa kukimbia, maneno yakikanyagana.

"Uliogopa nisije nikafa."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Hilo nimelielewa." Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na nilipopona, uliogopa nini?"

Nilitazama viganja vyangu. Swali lile ninalo hata sasa. Hakunipiga. Angenipiga ningemshukuru. Alisema tu, akimwambia mto zaidi kuliko mimi, "Kikulacho ki nguoni mwako," akachukua jembe, akavunja kizibo. Maji yalikuwa yanajaa. Yaliingia kwa haraka, kama wageni waliosubirishwa sana mlangoni. Akachota lile tope lenye mafuta akalitupa mbali, akaenda kando ya mto kutafuta jeusi safi, akayapaka makumbi upya, yale yale, akayafukia. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Miezi minane tena.

Fundi wa Ilala hakungoja, na kwa nini angengoja. Wiki mbili baadaye, baada ya siku ambayo tulilala na maji matupu, mama aliniogesha, akanisuka nywele, akanishika mkono mpaka dukani kwa baba. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akasimama barazani, akasema, "Nimemleta." Baba akasema, "Karibu uketi." Mama akasema ana kazi.

Mke wa baba hakuwa yule mama wa kambo wa hadithi. Natamani angekuwa. Alinipa kitanda, viatu, chai ya maziwa. Kila Alhamisi jioni alifukiza udi, nikasimama juu ya chetezo na nguo zangu mpaka moshi ukaniingia nyweleni. Alinifundisha vitu vidogo vidogo: usile ukitembea, usicheke mdomo wazi, na ukipita penye samaki au penye uchafu, chukua pindo la mtandio, hivi, ufunike pua. "Binti wa nyumba hii hanuki na hanusi," alisema, akacheka, nami nikacheka. Mazoea yana tabu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafunika pua kwa kukumbuka. Mwezi wa tatu mkono ulikwenda wenyewe.

Mama alikuja kunitazama mara kwa mara. Alikuja ameoga, amejisugua kwa limau mpaka ngozi ya mikono imepauka, mrehani kichwani. Alikaa barazani, akaniuliza nimekula nini, akaondoka. Habari za shimo hakuzitaja. Nami sikuuliza.

Kisha siku moja, alasiri, duka likiwa na wateja wawili tu, nikamwona anakuja kutoka upande wa bondeni. Alikuwa anakimbia. Mama yangu, mtu mzima, alikuwa anakimbia mtaani Kariakoo na mzigo wa kamba kichwani, makoja kwa makoja, za rangi ya dhahabu, ndefu, zimesokotwa vizuri. Siku zote alioga kwanza. Siku ile hakungoja. Alikuwa ametoka kupiga fungu la mwisho, na tope la shimo lilikuwa mpaka kwenye viwiko, limekauka.

Akatua mzigo mbele ya baba. "Tazama," alisema, akihema. "Na nyingine ziko nyumbani, zaidi ya hizi. Zimeshapata mnunuzi. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Baba akashika kamba moja, akaivuta kwa mikono miwili. Ilikuwa kamba nzuri, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. "Umetimiza," akasema. "Mimi siyarambi maneno yangu. Lakini mtoto sasa anapambanua mambo, na sheria inataka aulizwe. Akikutaka, achukue nguo zake."

"Na aulizwe," mama akasema. Alikuwa anatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Akanigeukia, akafungua mikono yake yote miwili.

Nilikwenda. Hilo nataka lieleweke, nilitoka pale kwenye magunia nikaenda kwake. Nilipiga hatua mbili, tatu. Kisha ile harufu ikanifikia, yai bovu na chumvi na kitu kilichokufa zamani, harufu ya shimo lililoiva, harufu iliyonilisha tangu nilipoacha ziwa. Na mkono wangu ukapanda wenyewe, ukachukua pindo la mtandio, ukafunika pua.

Haikuchukua muda. Niliushusha. Lakini alikuwa ameona, na baba alikuwa ameona, na wale wateja wawili pia. Nikafungua mdomo kusema na mama akanizuia kwa kutikisa kichwa, polepole, kama anayemwonea huruma mtu aliyejikwaa. Mikono yake ilikuwa bado wazi. Akaikunja, akaificha chini ya kanga.

"Amejibu," alisema.

Baba alisema, "Mtoto hajasema kitu." Nampa haki yake, alisema hivyo. Mama akasema, "Amejibu, bwana, na si kosa lake." Akageuka. Zile kamba aliziacha pale pale. Baba hakuziuza, alimwita fundi akawamba nazo kitanda changu. Watu wakaona amefanya jambo la heshima.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi nina wajukuu tisa. Nilikwenda kwa mama mara nyingi baada ya hapo, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa na wanangu mgongoni. Alinipokea vizuri. Hakunilaumu hata mara moja, na nilikuwa nikimwona kwa mbali anafurahi. Lakini nikiukaribia mlango alirudi nyuma hatua mbili na kuniinulia kiganja, "Ngoja, mwanangu, ngoja nikaoge." Nilimwambia haina haja. Nililia, nilimkasirikia, siku moja nilimshika kwa nguvu, akasimama wima mikono chini mpaka nikamwachia. Aliacha kazi ya makumbi alipozeeka, miaka kabla ya kufa, na shimo lilijifukia lenyewe kwa mafuriko. Bado aliniambia ningoje.

Alipougua kwa mara ya mwisho nilihamia chumbani mwake. Nilimlisha, nilimfulia, nilimwogesha mwenyewe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Siku aliyokata roho nilikuwa nimekwisha kumwogesha. Niliinama nimwinue kidogo anywe maji, akafumbua macho, akanitambua, akaugeuza uso wake ukutani. Mikono aliiingiza chini ya shuka.

"Ngoja kwanza," aliniambia. "Sijaoga."